Muuza vitabu wa Kisumu: hivi ndivyo ninavyovipenda mwenyewe, wala si vinavyonunuliwa sana

MezaYaVitabu (mwenye uzi)

Hamjambo wadau. Mimi huuza vitabu vya mtumba hapa Kisumu mjini. Nina meza moja kando ya barabara, turubai juu yake, na nailoni iliyokunjwa chini ikisubiri ile mvua ya jioni inayoletwa na upepo wa ziwani bila hodi.

Vinavyonilipia ushuru wa kanjo ni vitabu vya kutajirika haraka, Biblia, kamusi na miongozo ya mtihani. Hivyo sivitaji tena. Uzi huu ni wa vile ambavyo mtu akivinunua nafurahi kupata pesa na papo hapo nasikitika kuona meza imebaki na pengo.

Kila anayesimama huniuliza, "Una kitabu gani kizuri?" Swali hilo halijibiki. Namuuliza na mimi: kitabu cha mwisho ulichokiacha katikati ni kipi, na uliachia wapi? Aliyeachia ukurasa wa kumi hataki maelezo marefu ya mandhari, huyo nampa kitabu kinachoanza na maiti. Aliyeachia karibu na mwisho mara nyingi hakuchoshwa. Alihisi mhusika wake anaelekea kufa, akakimbia.

Juzi alikuja muuguzi mmoja, akaniambia hajasoma kitabu cha Kiswahili tangu Kidato cha Nne, na alivyotamka utadhani anajisifu hajaugua malaria tangu utotoni. Alisoma kipi shuleni? Utengano. Anakumbuka nini? "Jadili nafasi ya mwanamke." Swali alilikumbuka neno kwa neno. Maimuna, binti mwenyewe ambaye riwaya nzima inamhusu, ilibidi nimtajie mimi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mtu mzima ni huu: chukua kile ulichofanyia mtihani, ukisome tena bila kalamu mkononi. Nakala ya Utengano niliyo nayo sasa imejalidiwa kwa gazeti, ina muhuri wa shule uliofifia, na kila methali imepigiwa mstari mwekundu. Pembeni mtu ameandika kwa penseli TASHBIHI!! na alama mbili za mshangao. Inaendelea hivyo hadi kama ukurasa wa arobaini, halafu mistari inakatika ghafla, kurasa safi mpaka mwisho. Mimi husema hapo ndipo yule mwanafunzi alipoanza kusoma. Said Ahmed Mohamed alikitoa mwaka 1980, na Bwana Maksuudi wake, mheshimiwa mbele za watu na jitu la kutisha nyumbani kwake, ukimsoma ukiwa umeshapiga kura mara tatu nne unamtambua hata kwa mwendo.

Cha pili ni Siku Njema cha Ken Walibora, 1996. Huyu ni mtoto wa huku kwetu, mzaliwa wa Bungoma, na kijana wake Kongowea Mswahili anatoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba. Kuna wasomi wanaosema mambo yanamwendea sawa kupita kiasi, bahati imemwagwa kwa ndoo. Wana haki yao. Mimi nimewaona wateja wakikisoma wamesimama, kichwa chini, matatu inajaa na kuondoka bila wao. Ukikimaliza tafuta Nasikia Sauti ya Mama, tawasifu yake mwenyewe, ndipo utajua ile hamu ya mzazi aliitoa wapi. Alifariki Aprili 2020 na mpaka leo kuna wateja wanaoniuliza kama ametoa kipya.

Cha tatu kimenikaa moyoni zaidi ya vyote, na nashangaa watu wa huku hawakijui: Rosa Mistika, 1971. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe. Angalieni ramani jamani. Ukerewe ni kisiwa cha ziwa hili hili letu, upande wa Tanzania. Mitumbwi ni ile ile, dagaa ni wale wale ila sisi tunawaita omena, na baba mlevi mkali anayempiga binti kwa sababu ya barua ya mvulana unaweza kumkuta Seme au Port Victoria. Kilipigwa marufuku mashuleni Tanzania kwa muda kwa sababu kilisema wazi yanayowapata wasichana. Nimekiuza kwa mababa kadhaa. Mmoja alikirudisha, akakataa pesa yake, akasema tu kisikae nyumbani kwake.

Kwa leo nakomea hapo, kuna mteja. Tajeni vyenu.

NyarAsembo

Omera, umetuzungusha Zanzibar kwa Said Ahmed Mohamed, Tanga na Ukerewe, na hujataja mwandishi mwanamke hata mmoja. Sisi wa Asembo tumekukosea nini? The River and the Source imeandikwa na mtu wa kwetu, Margaret Ogola, daktari wa watoto, 1994, na mwaka uliofuata ikachukua tuzo ya Jumuiya ya Madola ya kitabu cha kwanza kwa upande wa Afrika. Akoko, wajukuu wake, vitukuu wake, wote wamo. Mama yangu hakupita darasa la saba, na alikisoma akitumia risiti ya nauli kama alama ya ukurasa. Grace Ogot je?

MezaYaVitabu

@NyarAsembo nyamera, tulia. Sikukitaja kwa sababu hakihitaji mpiga debe. Kikifika mezani asubuhi, jioni hakipo. Lakini umesema kweli, uzi bila Akoko haujakamilika. Yule mama anapokwenda mwenyewe hadi Kisumu kwa serikali ya mkoloni kudai haki ya mjukuu wake, ukiwa umekaa hapa hapa mjini unasoma, unaangalia barabara kwa macho mengine.

Grace Ogot namuuza kwa njia moja tu: namwambia mteja asome hadithi ya Oganda katika Land Without Thunder (1968), binti wa chifu anayetolewa kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe. Kurasa chache tu, anaweza kuzimaliza akiwa amesimama hapo. Asiponunua baada ya hapo, sina ugomvi naye. Na kwa anayesoma Dholuo, Miaha yake ya 1983 ikipatikana mnunulie pia shangazi.

Halafu kuna mmoja ambaye watu wa Kisumu wanamsahau: Asenath Bole Odaga. Aliandika kwa Kiingereza na Dholuo, akaanzisha kampuni ya uchapishaji, Lake Publishers, hapa hapa Kisumu, na akafungua duka la vitabu aliloliita Thu Tinda. Yaani mtu aliandika, akachapisha na akauza, kazi tatu zinazokula pesa, katika mji ambao bado watu wanakuambia vitabu ni vya Nairobi.

Na tukiwa kwa akina mama: Marjorie Oludhe Macgoye alikuwa muuza vitabu mwenzangu kabla ya kuwa chochote kingine. Alitoka Uingereza mwaka 1954 kuja kuuza vitabu vya misheni, akaolewa na Mjaluo 1960, akawa wetu. Coming to Birth (1986) inaanza na msichana Paulina akiwasili Nairobi kwa treni kutoka huku, enzi za hali ya hatari, mjamzito, hajui njia, anapotea mjini. Kitabu chembamba. Matukio ya Kisumu ya 1969 yamo ndani, na hajapaza sauti hata kidogo anapoyasimulia. Mimi ningekichagua hicho kabla ya riwaya nyingi nene za siasa.

Mwalimu_Mstaafu_KK

Nasoma kutoka Kakamega. Nimefundisha fasihi miaka mingi na sikubaliani na mwenye uzi kuhusu mtihani kuua vitabu. Kijijini kwangu, kama si vitabu teule, riwaya isingeingia kwenye boma hata moja. Mzazi hununua kwa sababu shule imesema lazima. Huyo muuguzi wako angesoma Utengano kwa hiari akiwa na miaka kumi na saba? Nani angempa pesa?

Kinachoua ni mwongozo. Mwanafunzi ananunua kijitabu chenye muhtasari, wahusika na sifa zao, majibu ya dondoo tayari, riwaya yenyewe haifungui. Nimewahi kusahihisha insha darasa zima, watoto wote wamesema Amani wa Kidagaa Kimemwozea ni "mwenye utu, mvumilivu, mwenye bidii", kwa mpangilio huo huo. Sasa wewe hiyo miongozo unaiuza.

MezaYaVitabu

Mwalimu, shikamoo. Hapo umenishika pabaya na sibishi. Nauza. Januari bila miongozo silali na chakula. Lakini nikueleze ilivyokuwa, maana hili si la mapenzi tu.

Zamani msimu wa kufungua shule ndio uliokuwa unatulisha mwaka mzima, sisi wa mezani na wenye maduka. Kuanzia 2018 serikali ikaanza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji hadi shuleni. Kwa mtoto ilikuwa habari njema, kitabu chake mwenyewe badala ya kugombania kimoja wanne. Kwa muuzaji ile ngazi ya katikati ilikatwa. Maduka kadhaa ninayoyajua yalifunga, mengine yakageuka kuuza simu na vifuniko vyake. Ukiongeza ile VAT ya asilimia 16 iliyowekwa kwenye vitabu tangu 2013, kitabu kipya cha hadithi kinakuwa bei ya unga wa wiki. Ndiyo maana niko mtumba, na ndiyo maana mwongozo uko pembeni ya meza, kona ya kulia, nimeufunika nusu na atlasi.

Lakini nina desturi moja. Mtoto akija kununua mwongozo wa Nguu za Jadi au Bembea ya Maisha, nampa na ukurasa wa kwanza wa kitabu chenyewe asome hapo kabla sijapokea pesa. Wengine hukasirika. Wachache hununua vyote viwili.

Shiro_wa_Naks

Salamu kutoka Nakuru. Kwani lazima kiwe Kiswahili au kizee? Sisi tuna Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa hapa 1971. One Day I Will Write About This Place inaanza uani kwao, watoto wanacheza mpira, na yeye mtoto wa katikati haelewi wenzake wanajuaje la kufanya na mwili. Nilikisoma nikiwa kwenye foleni ya benki pale Kenyatta Avenue, nikacheka peke yangu hadi askari akaniangalia. Sijawahi kusoma mtu akiandika kuhusu mashine za jua kali, redio na saluni za Nakuru kana kwamba ni mambo makubwa. Halafu yule Henry ole Kulet wa Blossoms of the Savannah, wanafunzi walimchoka, lakini Is It Possible? yake ya 1971 nani ameisoma?

MezaYaVitabu

@Shiro_wa_Naks hakuna lazima, meza yangu haina mpaka. Binyavanga nakubali mia kwa mia, ila huwa simpi mtu anayeanza kusoma upya. Sentensi zake zinarukaruka, mtu aliyezoea kusoma ujumbe wa simu anapotea ukurasa wa tatu. Nampa aliyekwisha maliza viwili vitatu. Is It Possible? nimewahi kuwa nayo mara moja, ikaondoka na mzee wa Narok aliyeshika kitabu muda mrefu kabla hajauliza bei.

DerevaWaBusia

Mimi naendesha lori la mizigo. Foleni ya mpakani wakati mwingine nalala na kuamka palepale. Simu inaisha chaji, redio inanichosha. Nipe kitu cha Kiswahili kisicho na hekima nyingi. Nataka mtu afe, na atafutwe aliyeua.

MezaYaVitabu

Bwana dereva, wewe ndiye mteja ninayempenda kuliko maprofesa wote. Wewe ni wa Bwana Msa.

Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari, aliandika Mzimu wa Watu wa Kale, ikashinda mashindano ya uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950, ikatoka kitabu 1960. Bwana Msa anavuta kiko, anafikiri, hana haraka, na rafiki yake Najum anauliza maswali yote ambayo wewe ungeuliza. Maiti iko mzimuni, watu wote wanasema ni mizimu, yeye peke yake anakataa. Kiswahili chake ni cha Unguja kabisa, kitamu, na mtu wa bara kitamkwaza mara mbili tatu. Usifungue kamusi. Endesha tu, maana ya neno itakukuta mbele.

Kama unataka mwendo wa kasi zaidi, Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965), au Kufa na Kupona ya Elvis Musiba (1974) yenye jasusi Willy Gamba. Huyo Gamba ana mbwembwe, wanawake wote wanampenda, risasi zote zinamkosa. Fasihi kubwa? Hapana. Foleni ya Busia? Ndiyo.

Halafu ukishazoea, nitakupa Mbali na Nyumbani ya Adam Shafi. Hiyo ni ya kweli, alivyotoka Zanzibar kijana akielekea Ulaya kwa njia ya nchi kavu, Uganda, Sudan, Misri, mfukoni karibu mtupu. Wewe wa barabara utaisoma kuliko sisi.

KijanaKondele

Mbona msumbuke, hivi vyote viko PDF kwenye vikundi vya Telegram, bure. Buda anauza karatasi za zamani.

MezaYaVitabu

@KijanaKondele soma tu mdogo wangu, sitakufukuza. Ila nyingi za hizo ni picha za kurasa zilizopigwa kwa simu, ukurasa wa 57 haupo, na mwandishi hapati hata thumni. Mtumba nao haumpi kitu, hilo najua. Tofauti ni kwamba nakala yangu iliwahi kununuliwa mpya na mtu fulani. Na karatasi ya zamani haiishi chaji.

MamaPendo

Naomba msaada. Kijana wangu yuko Gredi ya 8, anajua mpira na simu tu. Akisoma kwa lazima analala. Sina pesa ya kujaribu vitabu vingi.

MezaYaVitabu

Mama Pendo, usinunue vingi na usinunue kinene. Hapa nina maoni makali kidogo, nivumilie.

Kosa la kawaida ni kumpa mtoto kitabu chenye "mafunzo". Mtoto ana pua ya kunusa mafunzo akiwa mbali. Mpe Hekaya za Abunuwasi: mtu mjanja anayemdanganya mfalme na kushinda, hakuna adabu hapo. Hadithi moja inaisha kabla ya nusu ya kwanza ya mpira. Baada ya hapo Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya 1967. Atacheka nguruwe, halafu siku moja wakati wa habari atakuuliza swali ambalo huna jibu lake. Akifika hapo, Ndoto ya Amerika ya Walibora, maana vijana wa umri huo wote wana safari kichwani.

Namna ya kuanza: soma wewe kwa sauti, jioni, hata kama unapika. Fika pale palipo na moto, funga kitabu, sema sufuria inaungua. Kiache mezani. Usimwambie akisome. Wazazi wengi wanaharibu hapo, wanasema "sasa endelea wewe," na mtoto anajua tayari imekuwa kazi ya shule.

Asipokigusa kwa wiki mbili, kirudishe, nitakubadilishia. Ila kisiwe kimemwagikiwa chai.

MwanaMvita

Mimi Mmombasa niliyehamishiwa Kisumu kikazi. Nimesoma posti zote hizi nangoja neno ushairi. Sheikh, meza yako haina mashairi?

MezaYaVitabu

Sheikh, iko Sauti ya Dhiki, na nilikuwa naichelewesha kusudi, maana nikianza siachi.

Abdilatif Abdalla alifungwa 1969 kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi?, kijana wa miaka ishirini na kitu, akakaa ndani hadi 1972. Mashairi haya aliyaandika kwa siri humo gerezani, kwenye karatasi ya choo. Yakatoka kitabu 1973, na mwaka 1974 yakapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Mkasa kama huo ukiuweka kwenye riwaya mhariri atakukatia, atasema umezidisha.

Tatizo la mtu wa bara ni Kimvita. Mimi mwenyewe mtu wa huku, mara ya kwanza nilikwama. Dawa yake ni kuyasoma kwa sauti. Jicho linashindwa na "n'shishiyelo", sikio linaelewa. Kuna mteja wangu fundi wa viatu anayekaa jirani, huwa namsomea beti mbili saa ya chakula wakati barabara imetulia. Hajanunua kitabu, ila shairi la Mamba sasa ananitangulia kwenye vina.

Tukiwa kwa washairi, watu wa Kisumu mjue Okot p'Bitek alifanya kazi hapa mwishoni mwa miaka ya 1960 na akaandaa tamasha la sanaa mjini hapa hapa. Song of Lawino yake ipo pia kwa Kiswahili, Wimbo wa Lawino, tafsiri ya Paul Sozigwa. Inafaa kusomwa na mume na mke wakiwa chumba kimoja, kwa hatari yao wenyewe.

MwanaMvita

Hapo umenena. Ila fundi wa viatu mwambie anunue, mashairi ya bure hayana baraka. 😂

Mwalimu_Mstaafu_KK

Naongeza mtu wa kwetu kabla hamjamsahau. Francis Imbuga, wa Maragoli, Betrayal in the City, 1976. Mulili na Kiingereza chake kilichovunjika mbavu, watu wanacheka ukumbini hadi wanakumbuka huyo ndiye binamu wa mkubwa. Tamthilia isisomwe peke yako kitandani. Kusanyeni watu wanne, kila mmoja ashike wahusika wawili. Tulifanya hivyo mazishini mara moja, usiku wa matanga, badala ya disko. Wazee walikaa hadi alfajiri.

NyarAsembo

Mwalimu, kwenye disko matanga? Hiyo nataka kuona.

Shiro_wa_Naks

Swali la haraka kwa mwenye meza: kimoja tu, ukiambiwa uhame na kitabu kimoja?

MezaYaVitabu

Vuta N'kuvute. Sikufikiri hata sekunde.

Adam Shafi, 1999. Yasmin, binti wa Kihindi Zanzibar ya miaka ya 1950, anaozwa kwa mwenye duka aliyemzidi umri mara nyingi. Anatoroka. Anampenda Denge, kijana mweusi mwanasiasa anayewindwa na polisi wa mkoloni. Filamu yake ilitoka 2021, wengine mmeiona. Kitabu kinakupa kitu ambacho picha haiwezi: harufu ya duka la Bwana Raza, mazungumzo ya barazani yasiyo na haraka, na Yasmin anayejifunza kuishi bila ruhusa ya mtu. Shafi hamhukumu. Waandishi wetu wengi wakimtoa msichana nyumbani kwao lazima wamwadhibu kabla ya ukurasa wa mwisho. Rosa anakufa, Maimuna anaburutwa matopeni. Yasmin anaachwa aishi. Wateja wangu wa kike wamelitambua hilo kabla yangu, mmoja alinirudia akasema, "Huyu hakutaka kunifunza adabu."

KijanaKondele

Sawa buda, hiyo ni ngapi? Si ya PDF, ile ya karatasi.

MezaYaVitabu

Mia tatu, na kwa sababu umeuliza kwa adabu, mia mbili na hamsini. Jalada limekunjika kona.

MezaYaVitabu

Nimeulizwa inboksi na watu wawili kuhusu Gurnah, yule wa Nobel ya 2021. Paradise yake ipo kwa Kiswahili tangu 2022, inaitwa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Mtumba haijafika, ni mpya bado, kwa hiyo bei yake si ya meza yangu. Nimeazima nikasoma. Yusuf, mhusika wake mkuu, anaonekana kama alizaliwa kwa Kiswahili na Kiingereza ndicho kilikuwa tafsiri.

Na kuhusu Nagona ya Kezilahabi: inayo kurasa chache kuliko gazeti la Jumapili, na nimeirudia na bado kuna mahali inanitoroka. Simshauri mtu anayeanza. Anayetaka kubishana nami juu yake aje Jumapili, siku hiyo barabara haina watu.

DerevaWaBusia

Nimerudi. Mzimu niliumaliza foleni moja, Malaba, si Busia. Niliyemshuku siye. Turnboy wangu ameuchukua na hajanirudishia. Nipitie lini kwa kingine cha Bwana Msa, na ile Kuli ya Adam Shafi uliyowahi kumtajia mtu kwa simu nikiwa nimesimama hapo?

MezaYaVitabu

Bwana dereva, Kisima cha Giningi kipo, hakina jalada la nyuma lakini kurasa zote ziko, nimezihesabu. Kuli nilimtumia Mwalimu wa Kakamega jana kwa matatu. Nikipata nyingine naiweka chini ya meza na jina lako. Pita Ijumaa kabla ya saa kumi.